Boti Mbili Zilizotumika, Uchague Ipi? Mwongozo wa Matembezi ya Familia, Unguja na Pemba

Anayetafuta boti ya kutembelea na familia hapa Visiwani mara nyingi huishia mbele ya vyombo viwili. Cha kwanza ni boti ya faiba iliyotoka nje: futi 19 kwa 7, tumbo la V, usukani umesimama katikati, mashine ya nguvu za farasi 60 ya mipigo minne. Cha pili ni boti ya mbao iliyoundwa hapa hapa: futi 26, upana futi 7 kasoro, kivuli cha turubai, mabenchi pande mbili, na mashine ya Yamaha Enduro ya farasi 40, ya mipigo miwili, nyuma. Hiyo ilikuwa ikipeleka wageni visiwani na sasa mwenyewe anataka kuitoa. Bei zikikaribiana, watu huitazama ile inayong'ara. Mwongozo huu unakwenda kinyume na hapo: unaanzia pwani, unapita kwenye ubao wa nyuma na mashine, na rangi tunaiacha mwisho kabisa.

1. Boti italala wapi

Kabla hujagonga ubavu wowote, nenda pale utakapoiweka, siku ya bamvua (bahari inapojaa na kupwa kupita siku nyingine), maji yakiwa yamekupwa hasa. Kwetu tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua hufika mita 4 hivi. Na kuna jambo ambalo mnunuzi wa mjini halikumbuki: siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa saa kumi jioni. Maana yake, saa ile watoto wameshavaa na chakula kimeshafungwa, boti iliyolala ufukweni imekaa kwenye mchanga mkavu. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji yanakuwa juu asubuhi, lakini hayapandi sana wala hayashuki sana.

Basi simama hapo ujiulize mambo matatu. Chini ni mchanga, matope au mwamba? Boti itakaa juu ya maji hadi umbali gani kutoka ufukweni? Na nani atakuwa karibu usiku?

Tumbo la V likikaushwa kwenye mchanga hulala ubavu. Likilala upande wa bahari, maji yakirudi na vijiwimbi vyake huingia ndani kabla boti haijanyanyuka, na betri ndiyo ya kwanza kuzama. Dawa yake ni magadi, yaani miti ya kuegemeza chombo, mawili kila upande, au kuifunga kwenye boya palipo na kina cha mita moja na nusu hata maji yakipwa. Kwenye matope laini ya mikono ya bahari yenye mikoko, kama ilivyo Pemba sehemu nyingi, V hujizamisha yenyewe ikakaa wima na tatizo linakwisha. Kwenye mwamba, usiilaze faiba hata siku moja: kila wimbi linaikwaruza mkukuni (uti wa chini wa boti), na ukishapita ule utando wa nje maji yanaanza kunyonywa na nyuzi za ndani.

Boti ya mbao nayo hulala upande, ila mkuku wake ni gogo zima na umezoea kupigwa. Shida yake ni nyingine: haipendi kuachwa. Ikikaa juu ya mchanga wiki tatu za jua la kaskazi, mbao hukauka na viungo hufunguka. Ikikaa majini muda wote, wadudu wa baharini huitoboa kutoka chini. Chombo cha mbao kinataka mtu wa kukiangalia kila siku, awe kijana wa pwani unayemlipa au ndugu anayeishi hapo.

Faiba ya futi 19 inaweza kulala nyumbani juu ya trela, na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa. Lakini pamoja na mashine, mafuta na trela lenyewe mzigo unafika tani moja na zaidi. Gari dogo la familia haliwezi kuipandisha kutoka kwenye mchanga mlaini.

2. Hesabu watu, kisha uwapunguze

Kanuni ya Marekani kwa boti ndogo zisizofika futi 20 ni rahisi: zidisha urefu kwa upana kwa futi, gawa kwa 15. Futi 19 mara 7 ni 133. Ukigawa kwa 15 unapata 8 na kitu, yaani watu 8 kwa bahari tulivu. Kusi likivuma sisi tungehesabu 6. Kwa boti ya mbao ya futi 26 kanuni hiyo haifai, maana imewekewa vyombo vifupi. Hapo tazama ukuta uliobaki juu ya maji baada ya watu wote kukaa: ukipungua shubiri mbili pale nyuma kwenye mashine, watu wamezidi.

Katika kuhesabu, mtoto ni mtu. Sufuria la pilau, madumu ya maji, barafu, mikeka na mapipa ya plastiki ya nguo ni mtu mwingine mzima, na usishangae wakiwa wawili.

Halafu fikiria ni akina nani. Bibi mwenye magoti mabovu atapandaje kutoka kwenye maji ya mapajani? Ukuta wa faiba ya namna hii una urefu wa karibu sentimita 80 kutoka nje, kwa hiyo ngazi ya nyuma au ya ubavuni ni lazima, nayo ifike angalau vidato viwili chini ya maji. Nyingi zina kidato kimoja tu, na mtu aliyevaa nguo ndefu zilizorowa hawezi kukifikia. Boti ya mbao iliyobeba wageni kwa kawaida ina ngazi nzuri, kivuli na mabenchi marefu ya kumlaza mtoto. Kwenye faiba isiyo na kivuli, jua la saa tano hadi saa tisa ni adhabu. Kivuli unaweza kuongeza, lakini mabomba yake yafungwe kwa bolti zilizopita hadi chini ya sakafu na kuwekewa bamba upande wa pili. Skurubu peke yake zitang'oka kwenye upepo wa kwanza.

3. Kukagua faiba

Chukua bisibisi yenye mpini wa plastiki, tochi, kitambaa na ndoo ya maji. Mwambie mwenye boti aitoe majini tangu jana yake, ikauke.

Anza nyuma, kwenye ubao unaobeba mashine. Ndani ya faiba pale kuna plaiwudi au mbao, na hapo ndipo boti nyingi zilizotumika zinapofia. Maji hupenya kwenye matundu ya bolti ambayo fundi hakuyapaka silikoni ya baharini, mbao ikaoza ndani huku nje pakimeta. Gonga kwa mpini wa bisibisi kila sentimita 5, kuanzia pembeni kuelekea kwenye bolti. Pakiwa pazima mlio ni mkavu na mkali. Palipooza mlio unakufa. Kisha inyanyue mashine nusu, shika mguu wake wa chini, ukandamize na kuuachia mara kadhaa huku mwenzako akitazama pale ubao unapokutana na sakafu na kuta. Ubao ukipumua, au ufa ukifunguka na kufunga, hiyo si kasoro ya kupunguziwa bei kidogo. Kuuvunja na kuujenga upya ni kazi ya wiki na inakula resini, mikeka ya faiba na plaiwudi nyingi.

Ukibaki na shaka, omba ruhusa utoboe tundu la milimita 5 upande wa ndani, chini, karibu na tundu la kutolea maji. Unga wa mbao ukitoka mkavu na wa rangi ya mbao, vyema. Ukitoka mweusi na ukishikana vidoleni, ondoka. Tundu huzibwa kwa resini dakika hiyo hiyo. Muuzaji anayekataa kabisa jambo hili ameshakupa jibu.

Sakafu: tembea bila viatu, taratibu, uhisi palipolegea. Mahali pabaya zaidi huwa mbele ya usukani na chini ya kiti cha nahodha. Chini ya sakafu kuna povu gumu la kuisaidia boti isizame. Likishanyonya maji haliyatoi tena. Boti ya namna hiyo huwa nzito, mashine inahangaika kuinyanyua, na wala povu halitakuokoa siku ya kujaa maji. Dalili yake utaiona kwenye safari ya majaribio, hatua ya 6.

Tumbo: lowesha kwa ndoo ya maji, ulipanguse, utazame kwa pembeni jua likiwa chini. Vipele vidogo vidogo vikiwa vichache si neno. Vikiwa vimetapakaa, na ukitoboa kimoja kinatoa maji ya kunata yenye harufu kali, maji yameshaingia kwenye faiba. Nyufa nyembamba zinazotawanyika kinyotanyota kutoka kona moja zinaonyesha paligongwa au panapinda; tafuta upande wa ndani wa mahali hapo hapo uone kama pameshonwa. Rangi mpya chini ya tumbo tu, hali juu kumechakaa, iulizie vizuri.

4. Kukagua mbao

Hapa ni kazi ya kisu chembamba na uvumilivu. Ipandishe juu maji yakipwa, itie magadi, uingie chini.

Choma kisu mkukuni kila futi moja, kisha ubao wa kwanza ulioshikana na mkuku pande zote mbili, kisha omo (mbele ya chombo) pale mbao zinapokutana. Mbao nzima itakataa ncha. Iliyooza huipokea bila kelele. Matundu madogo kama ya pini yaliyo peke yake usiyadharau, kwa kuwa mdudu huingia akiwa mdogo na kukulia ndani, na mbao iliyojaa matundu machache nje inaweza kuwa mapango matupu katikati. Gonga hapo. Usipoamini sikio lako, mlete fundi wa vyombo, na umlipe wewe, sio muuzaji.

Ndani, nyanyua mbao za sakafuni utazame mataruma. Hayo ndiyo yanayoshika umbo. Taruma likipasuka pale msumari ulipopita, mbao zake mbili tatu zinalegea zote. Michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye vichwa vya misumari ni ushahidi kwamba misumari imeliwa. Kuipiga mingine kando yake ni dawa ya miaka michache tu, kwani kila tundu jipya linadhoofisha taruma lile lile.

Kalafati, yaani pamba inayoziba viungo vya mbao, ikaguliwe kwa kidole. Pamba inatakiwa ikae ndani, imebanwa, imefunikwa. Ikichomoza au ikitoka kama uzi ukivuta, chombo chote kinataka kalafati mpya, na bei ya fundi, pamba na mafuta uijumlishe kwenye bei ya boti.

Usiihukumu boti ya mbao kwa maji inayoingiza siku ya kwanza ikishushwa. Ikae majini siku mbili, mbao zinywe maji zifunge. Kisha fua maji yote ngama (chini ndani ya chombo, maji yanapojikusanya) ikauke, uiache usiku mzima, na asubuhi pima kwa ndoo ya lita 20. Ndoo moja kwa usiku inavumilika kwa chombo cha umri. Ndoo nne, usiichukue kwa watoto. Na kama kuna pampu ya ngama yenye kujiwasha, izime usiku huo. Zipo boti ambazo pampu ndiyo inayozishikilia juu.

Ubao wa nyuma wa boti ya mbao nao utazame kwa macho yale yale. Mtikisiko wa Enduro kwa miaka hulegeza bolti, na mashimo ya bolti yakishakuwa ya mviringo mrefu, mashine inacheza.

5. Mashine

Mpigie muuzaji jana yake: "Sheikh wangu, naja kesho saa moja, mashine usiiwashe mpaka nifike." Ukifika, weka kiganja juu ya mashine ukiwa umeshafungua kifuniko. Ikiwa ya moto, ameipasha ili iwake vizuri mbele yako. Rudi siku nyingine.

Linganisha namba ya kibati kilicho kwenye bano linaloshika mashine ubaoni na namba nyingine iliyopigwa kwenye mashine. Kibati kilichokwanguliwa au kilichobanduliwa ni mashine ya wizi mpaka ithibitike vingine, na wizi wa mashine za boti katika mwambao huu si jambo geni.

Fungua skurubu ya chini ya oili ya gia, uachie kidogo itoke kwenye kikombe cheupe. Oili safi au nyeusi si tatizo. Ikiwa ya rangi ya maziwa, maji yanapita kwenye sili ya shafti ya propela. Mara nyingi chanzo ni uzi wa mshipi uliojizungusha nyuma ya propela ukaikata sili, na ukiwahi ni kazi ndogo. Ikitoka na vumbi la chuma linalometa, meno ya gia yamekwisha.

Pima kompresheni, mashine ikiwa na moto kidogo na plagi zote zimetolewa. Namba yenyewe hutofautiana kwa aina ya mashine na kwa kipimo. Linalotazamwa ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 15, silinda moja ina mushkeli. Plagi zenyewe ziweke kwenye mstari kwa mpangilio wa silinda zake: iliyo safi kupita wenzake, kana kwamba imeoshwa, imeoshwa kweli, kwa maji ya chumvi yanayoingia.

Baada ya kuwasha, tazama mkojo, ule uzi wa maji unaotoka ubavuni. Ukiwa dhaifu au wa kukatikakatika, huenda ni impela ya pampu imekwisha kwa mchanga. Hiyo ni bei ndogo. Huenda pia ni njia za maji ndani zimejaa chumvi iliyoganda, na hiyo si ndogo. Boti ya wageni ambayo hurudi jioni na kutoka asubuhi kwa kawaida haisuuzwi kwa maji baridi hata kidogo, kwa hiyo Enduro yake usiichukulie kuwa nzima kwa sababu tu inawaka kwa mvuto mmoja.

Kuhusu mvuto: Enduro nyingi huwashwa kwa kamba. Nahodha akiugua huko kisiwani, nani mwingine ndani ya familia ana mkono wa kuivuta? Mpe avute leo, mbele yako.

Ama ubora wa hizo mbili, Enduro ni mashine inayosamehe. Kabureta yake hufunguliwa ufukweni, vipuri vyake vinapatikana mjini, na fundi wake yupo karibu kila bandari ya wavuvi. Inataka mchanganyiko wa lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, yaani nusu lita kwa dumu la lita 25. Mashine ya mipigo minne ni kimya, haina moshi wa kuwatapisha watoto, lakini ikitumia sindano za mafuta haivumilii petroli yenye maji. Iwe na chujio la kutenga maji kati ya tangi na mashine. Kama hakuna, hesabu kwamba sindano zimekunywa uchafu kwa muda wote huo. Muulize muuzaji nani aliyekuwa akiihudumia, na fundi huyo ana kifaa cha kusomea hitilafu za kompyuta yake au anabahatisha. Vuta kijiti cha oili: iwe safi, isinuke petroli, isiwe na rangi ya maziwa. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kama inao.

6. Mtoke nayo

Majaribio yafanyike na mzigo wa kweli, sio wewe na muuzaji peke yenu. Wapakie watu wazima sita, au madumu ya maji yenye uzito kama wao. Na usichague asubuhi shwari ya maleleji. Saa nane mchana kukiwa na upepo kidogo ndipo boti inaposema ukweli.

Toka kwa mwendo wa taratibu dakika kumi mashine ipate moto. Ingiza gia mbele, katikati, nyuma. Kishindo kikubwa ni dalili ya gia kuchakaa. Kisha ifungue mpaka mwisho kwa dakika tano. Mashine ya 60 ya mipigo minne inatakiwa ifike kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika, na Enduro ya 40 kati ya 4,500 na 5,500. Isipofika, ama propela ina pichi (mlalo wa mapanga yake, unaopimwa kwa inchi) kubwa mno, ama tumbo limeota uchafu, ama boti ni nzito kwa maji iliyoyanyonya. Kupunguza pichi kwa inchi moja huongeza mizunguko kama 150 hadi 200, kwa hiyo upungufu wa mizunguko 300 ni suala la propela. Upungufu wa 1,000 kwenye faiba yenye tumbo safi unakurudisha kwenye lile povu lililolowa.

Geuka ukabili wimbi. Hapa V inakata na mbao inapanda na kushuka. Nyingine zenye tumbo bapa hupiga, na kila pigo linapita uti wa mgongo wa aliyekaa mbele. Rudi na wimbi nyuma, uone kama omo linataka kuchimba au boti inajigeuza ubavu yenyewe. Halafu lifanye jambo ambalo wanunuzi hawalifanyi: simamisha, zima mashine, waambie wote wahamie upande mmoja, kama watakavyofanya watoto pomboo wakitokea. Pima ukuta uliobaki. Boti yenye V kali huinama haraka mwanzoni kisha hutulia. Ya mbao pana haishtuki, ila kivuli chake hushika upepo na kuisukuma, na hilo utaliona vilevile ukitia nanga.

Fungua ngama kabla hujashuka na uone kilichoingia.

7. Hesabu ya mafuta

Watu huuliza mashine inakunywa lita ngapi kwa saa. Uliza lita ngapi kwa safari. Chukua kisiwa kilicho kilomita 12 kutoka pwani, kwenda na kurudi 24, bahari shwari. Boti ya mbao na Enduro yake kwa kilomita 15 kwa saa inatumia saa 1 na dakika 36. Kwa lita 14 kwa saa ni lita 22 na kitu, na juu yake karibu nusu lita ya oili. Faiba ikishapanda juu ya maji na kwenda kilomita 30 kwa saa inatumia dakika 48. Kwa lita 13 kwa saa ni kama lita 10 na nusu. Lakini ukiijaza mpaka ishindwe kupanda, italima maji kwa omo juu na hesabu hiyo ivunje.

Beba theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya akiba. Kwa mfano huu mbao itabeba lita 34 na faiba 16. Kwa upande mwingine, faiba ina oili ya mashine ya kubadilisha kila saa 100 au kila mwaka. Mbao ina kukwanguliwa, kutiwa moto wa makuti au dawa chini, kupakwa deheni ya kuzuia maji, na kalafati ya kurudiarudia. Kazi hizo si ghali moja moja. Zinachosha kwa wingi wake.

8. Karatasi

Hapa ni kwa ufupi. Kwa boti iliyotoka nje, taka stakabadhi za forodha za boti na za mashine, kila moja na yake. Kwa zote mbili, usajili na ukaguzi ni wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Nenda ofisini na namba ya chombo kabla hujalipa, uhakikishe jina la mwenye chombo ndilo la anayekuuzia. Leseni ya kubeba wageni haikusaidii wewe, na boti ya familia usiitoze watu nauli. Tangu meli ya Spice Islander I ilipozama Septemba 2011 na ya Skagit Julai 2012 hakuna tena wa kukuelewa ukizidisha watu. Na ukipanga kwenda Ghuba ya Menai, hifadhi tangu 1997, au Misali, hifadhi tangu 1998, weka fungu la ada ya kuingia.

9. Kuamua

Familia ya mjini ya watu watano au sita, inayotoka mara moja au mbili kwa mwezi na haina mtu wa pwani: faiba, kwa sharti la ubao wa nyuma mkavu na fundi wa mashine anayejulikana. Ubao ukiwa umelowa, usijidanganye kwamba utaujenga "baadaye".

Familia ya watu kumi na zaidi, yenye baharia wake kijijini, mwendo mfupi ndani ya ghuba, wazee na watoto wachanga ndani: mbao. Ni ya polepole, na hiyo polepole ina maana yake. Kwa kilomita 15 kwa saa unatakiwa uanze kurudi mapema kabla ya upepo wa mchana, na ukiwa Menai wakati wa kusi, mwezi wa sita na wa saba, upepo unapanda saa saba na njia yako ya nyumbani inakuwa mawimbi. Mwenye faiba ana nusu saa ya kukimbia. Mwenye mbao hana.

Kwa matembezi ya nje ya miamba, mkondo wa Pemba au upande wa mashariki kwenye bahari kuu, hakuna hata moja kati ya hizi mbili ya kupakia watoto.

Vyovyote utakavyochagua, bakisha asilimia 20 ya bei mfukoni siku ya kulipa. Wiki ya kwanza badilisha impela, oili ya gia, plagi, mipira ya petroli na vipande vya zinki vya kuzuia kutu vilivyoliwa nusu, bila kuuliza kama bado vinafaa. Nunua jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, na za watoto ziwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, kwa sababu bila huo mtoto hutelezea chini na jaketi likabaki juu peke yake. Nanga ya kilo 7 hadi 10, mnyororo mita 4, na kamba ya kutosha: ukitia nanga kwenye mita 2 maji yakiwa yamekupwa, bamvua itakapojaa una mita 6, ongeza mita 1 ya ukuta wa boti, zidisha kwa 5, ni mita 35. Kasia mbili, pondo, upo wa kufulia maji, tochi, filimbi, simu kwenye mfuko usioingia maji yenye namba ya kituo cha KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) kilicho karibu. Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe usiku wa kuamkia safari, na mtu mmoja aliyebaki pwani ajue mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi.